Koti la Baba wa Binti

Gitega, 2 Juni 2025

Elda mdogo wangu,

Amahoro. Mimi mzima, ila kazi ni nyingi. Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Simu yako ni ya nyumba nzima. Nikisema halo, Jessica anajibu, jirani anajibu, na Mzee Mulamba anauliza kwa nyuma kama huku mvua imenyesha. Neno la leo ni la masikio yako tu, ndiyo maana nimempa Bakari bahasha hii akuletee mkononi atakapoteremka na gari lake, kama atapata mafuta.

Nimefurahi kusikia kwamba watu wa Modeste watakuja kuleta mahari ya mdogo wetu Jessica tarehe 5 Julai. Turubai, viti na vijana wa protocole wa kupokea wageni, wenye mashati meupe, nitashughulikia mimi. Na kuna habari kubwa: Directeur wangu, Bwana Ndayisaba, amekubali mwaliko. Atakuja na wakubwa wengine wawili wa bureau. Mwaka huu wanatafuta chef de service mpya, mkuu wa idara yetu, na jina langu linatajwa. Mtu wa cheo kile hawezi kuja mpaka Rumonge kwa ajili ya mtu asiyemheshimu.

Sasa, kuhusu kiti cha baba wa binti. Nimefikiri sana. Unajua desturi yetu Warundi: binti hupokelewa mahari na ukoo wa baba yake. Marehemu baba ameacha ukoo. Baba mkubwa Dismasi yupo Bururi, ni inspecteur mstaafu, anajua kusema mbele ya watu, na suti anayo. Nimeongea naye, amekubali kukaa kwenye kiti.

Mzee Mulamba apumzike siku hiyo. Amechoka, na hayo mambo ya hotuba yatamsumbua. Mweleze wewe, maana wewe una maneno laini.

Kaka yako,
Bienfait


Rumonge, 8 Juni 2025

Kaka Bienfait,

Barua yako imefika ikinuka petroli, maana Bakari aliilalia siku mbili kwenye foleni ya mafuta. Niliisoma mara ya kwanza nikacheka. Mara ya pili sikucheka tena.

Kwanza: tangu lini Baba amekuwa Mzee Mulamba? Ulipokuwa unaumwa malaria ukimwita usiku kucha, hukumwita Mzee.

Pili: hayo maneno laini unayosema ninayo, umeyaokota wapi? Uliza wanafunzi wangu wa darasa la nne.

Tatu, huyo baba mkubwa Dismasi. Nikukumbushe, labda Gitega kuna ukungu unaosahaulisha. Tuliporudi kutoka kambini Tanzania, Mama amembeba Jessica mgongoni na sisi wawili tumejitwisha masufuria, tulipita kwake Bururi kwanza. Nyumba ya matofali, vyumba vinne. Alimwambia Mama nyumba imejaa. Tukateremka pwani. Mulamba hakuwa na ukoo hapa, mtu wa Fizi aliyevuka ziwa akikimbia vita vya kwao, anavua kwenye mtumbwi wa mwenzake. Yeye ndiye aliyetuonyesha pa kulala, na mwaka uliofuata akamwoa Mama. Mgeni alimkaribisha mwenyeji, Kaka. Sijawahi kuona tena jambo kama hilo.

Najua kinachokuwasha. Baba ananuka ndagala, dagaa wa ziwa letu. Basi hizo ndagala ndizo zilizokufundisha hicho Kifaransa unachonivalia leo.

Baba mwenyewe yuko kwenye mazoezi. Kila asubuhi akitoka ziwani anasimama nyuma ya nyumba na kuwahutubia bata: "Wageni wetu, karibuni, hapa ni kwenu." Bata wamekwisha kubali. Na juzi fundi cherehani wa sokoni alikuja akampima mabega. Baba anadhani nimemtuma mimi, mimi nadhani ni Jessica, na Jessica anasema si yeye. Hata sijui ni nani anataka kumshonea shati.

Wewe mwambie mwenyewe apumzike. Mimi sithubutu.

Elda


Gitega, 13 Juni 2025

Elda,

Umeandika kwa hasira, nami nimesoma kwa subira. Sikusema Mzee afichwe. Nimesema apumzike.

Nitakwambia jambo, na ulichome baada ya kulisoma. Nilipoajiriwa hapa, mkubwa mmoja aliliona jina letu la ukoo akaniuliza kama mimi ni mtoto wa inspecteur Dismasi wa Bururi. Nilitabasamu tu. Sikusema ndiyo. Lakini sikusema hapana, na watu wakaendelea. Miaka saba sasa hapa bureau mimi ni mtoto wa inspecteur. Nimesalimiwa kwa jina hilo, nimekaribishwa mezani kwa jina hilo. Sasa Directeur anakuja Rumonge kumwona huyo inspecteur. Nifanyeje? Nimwoneshe mvuvi wa Kikongomani na kumwambia samahani, mlikosea tangu mwanzo?

Wewe umebaki nyumbani, hujui huku kukoje. Huku mtu anapimwa kwa alikotoka kabla ya kupimwa kwa alichonacho kichwani. Mimi ndiye niliyetoka. Mchungaji hunitaja kanisani kwamba ni mtoto aliyefaulu, na nyinyi wote mnaitikia amina. Basi nisaidieni nisianguke. Mtu mmoja akifaulu, familia yote imefaulu. Jessica ataolewa kwa heshima, na Mzee atakula na kunywa sawa na wengine.

Ni siku moja tu. Nakuomba, mdogo wangu.

Bienfait


Rumonge, 20 Juni 2025

Kaka,

Nimemwambia.

Nilimkuta anatengeneza wavu. Nikasema, Baba, wageni wa Bienfait ni wakubwa, na baba mkubwa Dismasi ataketi mbele kwa ajili ya ukoo. Alishika sindano ya wavu hewani kidogo, kisha akaendelea kushona. Akasema, "Iko sawa." Baadaye akaniuliza kreti za Fanta atabeba nani, kwa sababu vijana wa mashati meupe wanaweza kujichafua. Nikasema sijui. Akasema, "Basi mi nitabeba."

Bata hawahutubiwi tena.

Usinishukuru. Sikukufanyia wewe peke yako. Nami nilitaka gari la Directeur lionekane getini kwetu, wale waliotuita wakimbizi walione. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba ulinijua.

Elda


Gitega, 7 Julai 2025

Elda,

Hupokei simu. Nimepiga jana siku nzima. Basi naandika, na usiposoma, mpe Jessica asome.

Najua unaniuliza niliondokaje bila kuaga. Nitakwambia nilichokiona kutoka pale nilipokaa, kwa sababu wewe ulikuwa ndani na bibi harusi.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka msemaji wao, Mzee Mardochée, aliposimama. Alisema maneno mazuri, nikamwona Directeur anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha Mardochée akasema kwamba wao ni watu wa ng'ambo ya ziwa, na kwa watu wa ng'ambo mahari haikamiliki bila koti la baba wa binti. Mimi sikujua, Elda. Kwetu Warundi sijawahi kuliona hilo. Wasichana wawili wakaja na sinia iliyofunikwa kitenge. Wakafunua. Koti la kijivu, jipya, lenye bitana nyeusi.

Dismasi akasimama. Unajua alivyo, tumbo linamtangulia. Wakamvalisha mkono wa kwanza, ukafika kwenye kiwiko ukakwama. Akavuta. Uzi ukalia. Watu wakacheka kidogo, kama wanavyocheka kwenye sherehe. Wakamsaidia kwa nyuma, koti likapanda nusu, na hapo bega la kulia likaonekana limeshuka. Lilikatwa hivyo. Lilishonwa makusudi chini ya lile la kushoto.

Kicheko kikaisha. Kila mtu wa pwani analijua bega lile. Nimelitazama miaka yote ya utoto wangu likitangulia kuingia mlangoni, limeshushwa na kuvuta nyavu.

Mardochée hakukasirika. Nafuu angekasirika. Alisema taratibu, "Wazee wetu, koti hili lilipimwa kwa mtu. Modeste alipokuja kuomba mara ya kwanza, alimwomba mtu huyo. Sisi hatujakosea njia. Tunaomba tu tuoneshwe."

Directeur akaniinamia akauliza, "Kuna nini? Fundi amekosea?"

Nikasema, "Ndiyo, fundi amekosea."

Nilisema hivyo, Elda. Na nikaongeza kwamba barabara ya Bururi ina ukungu jioni, afadhali tuondoke mapema. Tulipokuwa tunageuza gari sikutazama nyuma. Sikuonja hata kipande cha samaki wa mukeke.

Tangu juzi sijalala vizuri. Nikifumba macho naona lile koti limekwama. Niambie ilikuwaje baadaye. Niambie hata kama ni kwa matusi.

Bienfait


Rumonge, 12 Julai 2025

Kaka,

Matusi nilikuwa nayo mengi siku ya kwanza. Yameisha, yamebaki haya ninayoandika.

Gari lenu lilipoondoka, watu walibaki wanatazama vumbi. Dismasi alivua lile koti, akalikunja vizuri, akalirudisha kwenye sinia. Lazima nimtendee haki. Alisema mbele ya wote, "Mimi niliambiwa nije kukaa. Sikuambiwa kwamba kiti kina mwenyewe." Akatoka akaenda kukaa na wazee wengine. Kiti kikabaki kitupu katikati ya turubai, na hakuna aliyejua amtazame nani.

Ndipo Jessica alipotoka. Unajua binti hatoki mpaka aitwe. Nilimshika kanga, akaniachia kanga mkononi. Akapita katikati ya viti vyote mpaka nyuma kwenye masufuria, na sisi tukamfuata kama kuku. Baba alikuwa ameinama anasuuza chupa kwenye beseni. Alikuwa amesikia kila kitu, turubai haina ukuta. Jessica akamshika mkono ukiwa bado na povu, akasema, "Baba, wanakuita." Baba akasema, "Ngoja kwanza nijipanguse." Jessica akakataa kungoja.

Mardochée hakumwita mbele. Yeye mwenyewe na wazee wake waliinuka wakaja kule kwenye moshi, wakamwekea koti mabegani palepale, katikati ya masufuria. Lilimkaa kama ngozi yake. Wanawake walipiga vigelegele. Mimi nililia, na sikulia kwa furaha, usinielewe vibaya. Nililia kwa haya, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia kwamba kiti si chake.

Lakini Baba hakuingiza mikono kwenye koti. Walimsihi, akakataa. Alishukuru, akawakaribisha wageni kwa maneno yaleyale ya bata, machache tu, huku anatazama barabara. Kisha akasema koti ni zito kwa jua hili, akalivua.

Asubuhi yake alilifunga kwenye mfuko wa plastiki akaenda Magara. Anasema ni kwa sababu ndagala zimekaribia kule. Anavua na vijana wa pale, analala kwenye kibanda cha nyavu, na hajarudi nyumbani. Jessica amekwenda mara mbili kumwomba. Anamjibu vizuri, anampa samaki, harudi. Harusi ya kanisani ni tarehe 16 Agosti, na Jessica anasema kama Baba hatamwingiza kanisani, basi haingii mtu.

Uliandika kwamba mtu mmoja akifaulu, familia yote imefaulu. Basi na aibu nayo tumegawana, na fungu langu limenitosha.

Usinitume tena kwa maneno laini. Mwandikie mwenyewe.

Elda


Gitega, 17 Julai 2025

Kwa Mzee (nimefuta)
Kwa Baba Mulamba, Magara

Shikamoo Baba.

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Jessica atakusomea.

Nimesikia unalala kwenye kibanda cha nyavu. Si vizuri kwa kifua chako. Nataka kukununulia mashine ya mtumbwi, mpya, ile uliyokuwa unaisema zamani. Nataka pia tuweke saruji nyumba ya Rumonge ile sehemu ya nyuma, na televisheni, ili usilazimike kwenda mbali. Naomba samahani kama siku ile uliumia. Kulikuwa na mambo ya kazi ambayo ni vigumu kuyaeleza.

Nimeisoma hii niliyoandika hapo juu. Ni barua ya bureau. Naiacha uione.

Baba, kazini walidhani mimi ni mtoto wa Dismasi, nami nikawaacha wadhani. Siku ile Directeur aliniuliza kama fundi amekosea, nikasema ndiyo. Fundi hakukosea. Naona aibu hata kukuandikia jina lako kwenye bahasha, kwa sababu Bakari, anayengoja barua hii, amelisoma na kuniambia, "Ah, baba yako!" nami nikageukia pembeni.

Jessica anakuhitaji kanisani. Ukitaka nisije, sitakuja. Lakini wewe nenda.

Bienfait


Magara, 27 Julai 2025

(Kaka, Baba anasema, mimi naandika. Amesema niandike kila neno na nisilipige pasi. Jessica.)

Mutoto yangu Bienfait,

Jambo sana. Mi niko muzima. Ndagala ziko, hasa mwezi ukiwa mweusi. Barua yako Jessica alinisomea mara mbili, ile sehemu ya chini mara tatu.

Mashine, aksanti, lakini hapana. Televizioni, hapana kabisa, itatuletea kelele. Saruji tutaona.

Unaomba samahani kama niliumia. Ndiyo, niliumia. Lakini si pale unafikiri. Kubeba Fanta haikuniuma. Mi nimebeba mitumbwi, nimebeba nyinyi, nilimubeba mama yenu Beatrisi ile siku ya mwisho kumupeleka hospitali. Kreti ya Fanta ni kitu gani? Elda alikuya kuniambia na uso mubaya, nikasema, chef ya mutoto anakuya, acha mutoto apite. Mi nilikuwa nyuma pale na roho safi.

Sasa sikia kile kiliniuma. Jessica alinivuta, nikatoka na mikono ya sabuni, nikaona gari yako kule mbali, inapanda barabara. Nikasema, ona! Nimetoka, mutoto amekimbia. Nimemufukuza kwa karamu ya dada yake. Batu wanapiga kelele ya furaha, mi ninaona gari tu. Ile ndiyo haya yangu. Ndiyo maana niko huku. Nilisema, niwe mbali, labda Bienfait atarudi nyumbani.

(Hapa Baba ametoka kuangalia nyavu, kisha amerudi. J.)

Batu ya hapa Magara wananiulizaka, ule mutoto yako wa Gitega anafanya kazi gani? Nasema, kazi ya meza. Wanasema, meza kubwa? Nasema, kubwa sana. Lakini meza yenyewe mi sijaiona. Miaka yote hii hujaniita hata siku moja. Nilikuwa nafikiri iko mbali, ao hakuna pa kukaa.

Mama yenu, siku ya mwisho, aliniambia, "Mulamba, nimalizie kulea batoto." Aliniambia hivyo tu. Elda ni mwalimu, Jessica anaolewa. Wewe, batu wanasema umefaulu, kanisa inasema amina. Mi siwezi kusema amina sana, juu ya vile sijaona. Mutu anasema nimemaliza kazi wakati ameona mwisho yake.

Sasa koti. Nilikataa kuingiza mikono, juu ya vile kwetu Fizi koti inaletwa na mukwe, lakini kuvalisha, ni mutoto wa kwanza wa nyumba. Baba yangu alivalishwa na mi, kwa harusi ya dada yangu. Mutoto wangu wa kwanza alikuwa ndani ya gari. Basi koti iko kwa musumari, ndani ya plastiki, ndagala zisiiharibu.

Bakari alisema unataka kukuya Magara kuniomba musamaha. Usikuye. Hapa kila mutu anajua mi ni baba yako, hata samaki wanajua.

(Baba amecheka. J.)

Hapa hakuna kazi ya kufanya. Ukitaka kunivalisha, univalishe kule hawanijui.

Mi Baba yako,
Mulamba

(Kaka, ukikataa, usimwandikie yeye. Niandikie mimi, nitatafuta namna ya kumwambia. J.)


Gitega, 6 Agosti 2025

Elda mdogo wangu,

Baba amefika jana na gari la Bakari.

Nilisimama getini tangu asubuhi. Nilikuwa nimemwambia mlinzi kwamba baba yangu anakuja, na mlinzi akanipongeza, "Ah, Mzee inspecteur!" Nikasema hapana, mwingine. Akanitazama kama mtu anayesikia kwamba jua litatokea upande wa pili. Nikaomba gari la Bakari likose mafuta njiani. Nakwambia ukweli wote, kwa sababu nimechoka na ule mwingine.

Akateremka na shati lake la kanisani, koti kwenye plastiki chini ya kwapa, na furushi la ndagala kavu la kumpa Directeur. Tukaingia. Kwenye korido nikagundua natembea mbele yake hatua kadhaa, kama mtu anayekwenda njia moja naye kwa bahati tu. Sikukusudia. Miguu imezoea. Nilirudi nyuma nikamshika mkono, na uso ukaniwaka mpaka masikioni, kwa sababu aliona.

Directeur akatoka ofisini kwake na karatasi mkononi. Nilikuwa nimeandaa maneno ya Kifaransa tangu Jumapili. Yote yalikimbia. Nikasema kwa Kiswahili, "Bwana Directeur, huyu ndiye baba yangu, Mulamba, mvuvi wa Rumonge. Dismasi si baba yangu. Na lile koti, fundi hakukosea. Nilisema uongo."

Bwana Ndayisaba akanitazama, akamtazama Baba. Akasema, "Ah bon," kama mtu anayesema "kumbe".

Akampa Baba mkono, akapokea zile ndagala, akazinusa, akasema mke wake atafurahi. Kisha akamuuliza katibu ufunguo wa chumba cha kopi uko wapi, akaenda zake.

Ni hivyo tu, Elda. Ah bon. Miaka saba nimeogopa maneno mawili. Kwa maneno hayo mawili nilimweka Baba nyuma ya masufuria. Ningefukuzwa kazi ningeona afadhali, ningesema angalau niliogopa kitu kikubwa.

Nilimvalisha mbele ya meza yangu, wenzangu wamesimama mlangoni. Aliingiza mkono wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, kama mtoto anayevalishwa sare ya shule. Bega lilikaa mahali pake. Vifungo vikanishinda, akavifunga mwenyewe.

Akauliza, "Meza ndiyo hii?"

Nikasema, "Ndiyo hii, Baba."

Aliipapasa. Akavuta droo, akakuta kalamu na biskuti, akafunga. Akasema, "Si kubwa sana." Halafu akacheka, akasema Magara atawaambia ni kubwa vilevile, kwa sababu alikwisha kuwaambia. Akaomba akae kidogo. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri. Alikaa kwenye kiti changu akalala na koti lake, mdomo wazi, na mimi nikafanya kazi nimesimama mpaka saa za kutoka. Watu walipita wakiuliza ni nani. Mara ya kwanza nilijibu kwa sauti ya chini. Baadaye nilisema bila kusubiri kuulizwa.

Ile nafasi ya chef de service bado haijatolewa. Sijui watampa nani. Jana sikukumbuka kuifikiria mpaka usiku, na usiku niliifikiria sana, sikufichi. Siwi mtu mwingine kwa siku moja. Mchungaji akinitaja tena kwamba nimefaulu, naomba mumwambie asubiri kidogo.

Nimeomba likizo. Ijumaa tunateremka pamoja, mimi na Baba, kama Bakari atapata mafuta, na kama hatapata tutapanda lori la mihogo. Baba anarudi kulala nyumbani. Amesema atamwingiza Jessica kanisani, na tayari anauliza kama bata bado wapo.

Siku ya harusi usiniwekee kiti mbele. Kreti za Fanta nitabeba mimi. Nionyeshe tu beseni la kuoshea chupa liko wapi.

Kaka yako,
Bienfait